Sanda ya Bibi na Askari wa Theluji

Juzi mwanangu alirudi skuli na agizo la kazi ya mikono, na gundi nyumbani hakuna. Kushuka dukani kwa jua la Riyadh la saa nane mchana? Hasha, simo. Nikachukua sufuria dogo, nikakoroga unga wa ngano na maji, nikaubandika motoni. Ulipoanza kuwa mzito na kurusha vile vipovu vyake, ile harufu ya unga unaoiva ikajaa jikoni. Mlango wa chumba cha Baba ukafunguka. Akaja polepole na mkongojo wake, akachungulia sufuria.

"Umesahau karafuu," akasema.

Akarudi chumbani, akafunga mlango, na chai yake ya alasiri hakuigusa. Mume wangu akaniuliza mzee kaudhiwa na nani. Nikamwambia hakuudhiwa na mtu, ni gundi tu. Akanitazama kama mtu aliyeoa mwehu. Yeye sikumweleza, nilikuwa na uvivu, na hadithi yenyewe ukiianzia katikati haishikiki. Lakini nyie nitakuelezeni tokea mwanzo, mkae kitako.

Zamani tulikaa Jidda, mtaa wa Ruwais, ghorofa ya pili ya nyumba iliyotokwa na jasho kuliko sisi tuliomo ndani. Unyevu wa bahari ulipanda kutani mpaka rangi ikabanduka vipande vipande, na mimi nikivimenya kwa kucha, nikipigwa. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, na mie mtoto wao mmoja, mwenye mdomo. Bibi alitoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, kijana mbichi, na Baba mchanga kifuani. Mimi na Mama tumezaliwa Jidda hiyohiyo. Lakini kuzaliwa si hoja, jamani. Hoja ni ikama. Ile karatasi ya kukaa nchini inasimama kwa jina la kafili, mwenyeji aliyekudhamini, na siku akisema basi, basi. Nilikuwa na miaka kumi na hilo nalijua kama ninavyojua alhamdu. Unguja hatukuwa na pa kurudi. Nyumba hatuna, shamba hatuna, hata kaburi moja tunalolijua hatuna.

Baba alikuwa fundi wa fremu. Duka lilikuwa la kafili wetu, Abu Talali, mfanyabiashara wa Aziziya, mtu mnene mwenye sauti nyororo, na sisi sote tukimwita ammi. Picha za karatasi Baba hakuzishika kwa gundi ya dukani. Akisema hiyo ni adui wa karatasi. Alipika yake mwenyewe ya unga wa ngano, akitia karafuu chache wadudu wasiisogelee. Nyumba yetu ikinuka hivyo daima, na skuli wenzangu wakiniuliza kwetu tunakula nini.

Siku moja Abu Talali akamletea kazi ambayo Baba aliifungua kwa mikono miwili, kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Ilikuwa picha ya Kijapani ya karatasi tatu, ukizipanga ubavu kwa ubavu zinakuwa moja ndefu. Marehemu baba yake Abu Talali aliuza majora ya nguo kutoka Japani, akapewa zawadi na tajiri mwenzake wa huko. Sasa mwana ameikuta sandukuni, na anataka itiwe fremu ya dhahabu aipeleke Riyadh, kwa mkubwa mmoja ambaye binti yake Abu Talali alikuwa akimposea mwanawe. Posa yote ilikuwa inaning'inia. Na kwa kuwa ikama zetu zilikaribia kwisha, Abu Talali alimwambia Baba kwa ile sauti yake nyororo: "Nipendezeshee picha, na mimi nitakupendezesha." Sisi nyumbani tulilielewa neno hilo vizuri sana.

Kiyoyozi cha duka kikafa wiki hiyohiyo. Karatasi zile zikikaa kwenye unyevu zinajikunja, basi Baba akazileta nyumbani, akazilaza juu ya ubao barazani kwetu, yaani ukumbini alipokuwa akilala Bibi, palipokuwa na kiyoyozi cha pekee. Akatukusanya kutuonya. Chai hapa marufuku. Kupiga chafya, geuka. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mtoto wa kazi yake, akatuonesha. Picha hizi hazichorwi, akasema, zinapigwa muhuri. Mtu anachonga ubao kwa kila rangi, ubao wa nyeusi, ubao wa nyekundu, ubao wa samawati, akiupaka na kuugandamiza karatasini. Akanyanyua pembe ya karatasi moja tuone rangi zilivyotokeza mpaka nyuma.

Vilikuwa vita. Si vita vya panga na farasi kama vya kwenye visa vya Bibi; vita vya mizinga, bunduki, makoti meusi yenye vifungo, nyaya za simu juu ya milingoti. Ardhi yote nyeupe. Mimi nikasema chumvi, Bibi akasema pamba, Baba akacheka akasema ni theluji. Kulia, askari wa Kijapani wamesimama chini ya bendera ya jua jekundu, mmoja kapuliza tarumbeta mashavu yakamtuna. Katikati mzinga ulikuwa unatema moto. Na kushoto, kwenye theluji, wamelala askari wa upande wa pili, huku na kule, mikono imetanuka, mmoja kiatu kimemtoka. Ilikuwa picha nzuri mno, wallahi, na uzuri wake nakiri ulinishika. Nilitaka kuutia kidole ule moto.

Bibi alikaa akaitazama muda mrefu. Chakula kikaja kikapoa. "Na hawa?" akauliza.

"Hao wameshindwa, Mama," Baba akamjibu.

"Nawaona wameshindwa. Nauliza nani anawaondoa."

Baba akasema picha ndiyo imeishia hapo. Bibi akavuta mtandio wake, akaguna.

Hapa lazima nikwambieni habari ya sanda ya Bibi. Alipohiji aliinunua nguo yake nyeupe, akaifua kwa maji ya Zamzam, akaianika, akaikunja sandukuni na karafuu maiti, ile kafuri. Wengi katika wazee wetu wa Jidda wakifanya hivyo. Kila mwaka kabla ya Ramadhani akiitoa ipunge hewa, akiniita: "Njoo ushike ncha hiyo, tuikunje." Nami nikishika, kama tunakunja shuka la kitanda, nikila bisi. Pamoja na nguo yenyewe zilikuwemo tepe za kufungia, ya kichwani, ya kiunoni na ya miguuni, amezikata na kuzipinda mwenyewe kwa sindano. Akiringa nazo. "Mie siku yangu sitomsumbua mtu," akisema.

Basi siku moja kabla ya Abu Talali kuja kutazama kazi, nimerudi skuli. Baba dukani, Mama kwa jirani akishona. Nikafungua mlango, harufu mbili zikanipokea kwa pamoja, ya gundi na ya karafuu maiti. Bibi amekaa juu ya mkeka, miwani imeshuka puani, bakuli la gundi pembeni, mkasi mapajani. Alikuwa akibandika kitambaa cheupe, kidogo kuliko kucha ya gumba, juu ya askari wa mwisho aliyelala. Wenzake wote alikwishawamaliza. Kila mmoja amefunikwa, unyayo hauonekani. Yule wa kiatu kilichomtoka alimfunika na kiatu chake.

Mimi nilijua mara moja nini anafanya, au niliona nilijua. Skuli kwetu mwalimu alitufunza: picha ya kiumbe chenye roho kwenye kitabu, ipige mstari shingoni, iwe haina uhai, malaika wasikimbie. Vitabu vyangu vyote vilikuwa na watoto waliokatwa shingo.

"Bibi, umekosea!" nikamwambia. "Siyo hivyo. Unapiga kamstari tu hapa shingoni. Na uanze na hawa waliosimama!"

Hakunyanyua kichwa. "Wazima sina shughuli nao," akasema. "Hao wana miguu. Hawa ndio walioachwa kwenye baridi."

Akabonyeza kitambaa kwa ncha ya kidole, akasoma fatiha, akafuta mikono. Uso wake ulikuwa umetulia, nikaona raha kumtazama. Nikaenda kula.

Baba aliporudi hakupiga kelele, na bora angepiga. Alikaa chini palepale mlangoni na viatu vyake. "Mama," akasema, "umefanya nini, Mama?"

"Nimewasitiri."

Kwa kuwa gundi ni yake, alijua inaachia kwa maji. Akachukua pamba, akailowanisha kidogo sana, akaanza na kitambaa kilichokuwa karibu na moto wa mzinga. Mama ameshika taa ya mkono, mie nimeshika pumzi. Kitambaa kikalegea. Kisha ile nyekundu ya moto ikaanza kutembea. Polepole, jamani, mbele ya macho yetu, ikatoka kwenye moto ikaingia kwenye theluji, ikakifikia kile kitambaa ikakipanda. Baba akatupa pamba, akagandamiza karatasi kavu, akapuliza, akamwita Mungu. Nyekundu haikusikia. Kugusa ni kuharibu, kuacha ni kuharibu. Akaweka mikono juu ya mapaja akaitazama tu. Mama akaanza, "Maji yakishamwagika..." akaona uso wa Baba, akazima taa.

Hila ikatoka kwa Mama. Alisema Abu Talali ni mtu wa dini. Atawezaje kumkasirikia bi mkubwa aliyeogopa kusali penye masanamu? Tuseme hivyo tu. Baba akamgeukia Bibi: "Mama, akikuuliza, sema ni kwa ajili ya sala. Neno moja tu hilo. Ikama zetu zote zimo mkononi mwake." Bibi akasema amesikia. Na kusikia alisikia.

Abu Talali akaja baada ya alasiri, akaletewa kahawa na tende. Mimi ndiye niliyebeba sinia, ndiyo maana niliona yote. Baba akafunua ubao huku akieleza mbio mbio, sala, masanamu, mama mzee. Abu Talali akainama. Kwanza akakunja uso. Halafu, amini msiamini, akacheka! Akasema mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikwangua macho ya mtoto kwenye kila kopo la maziwa ndani ya nyumba, wakalelewa na maziwa ya kipofu. Baba akacheka naye, kicheko cha mtu aliyetolewa majini. Nikamwona Mama nyuma ya pazia anajifuta jasho. Tumepona, nikasema moyoni.

Kisha Abu Talali akainama tena. "Lakini hawa wamebaki na nyuso," akasema, akionesha kidole Wajapani wake, mpiga tarumbeta na mashavu yake yote. "Kwa nini hawa tu waliolala?"

Baba akamsogezea tende. Na Bibi, aliyekuwa kwenye kona yake amejitanda vizuri, akaona mgeni ameuliza na hakuna anayemjibu, na hiyo si adabu. Kiarabu chake, kwa miaka yote ile, kilikuwa cha sokoni tu, cha kununulia nyanya.

"Maskini," akasema. "Mafi kafan."

Kwamba hawana sanda. Na ili mtu aelewe uzuri wa alichokifanya, akajigonga kifuani akaongeza kwamba nguo ile ni ya sanda yake mwenyewe, ameikata tepe zake, imefuliwa kwa Zamzam. Alisema kwa fahari, kama mtu anavyosema nyama hii nimechagua paja.

Nilimwona Abu Talali anavyobadilika. Kikombe kikashuka. Akaondoa mkono wake ubaoni haraka, akaufuta kwenye kanzu. Nilikuwa mtoto nisiyejua kwamba vitambaa vya sanda vilivyogandishwa juu ya sura za watu, kwenye zawadi ya posa, nyumbani kwa watu weusi waliotoka Afrika, vina jina moja tu katika kichwa cha mtu aliyeogopa. Alilitamka kwa sauti ndogo: sihiri. Uchawi. Wenzetu walikuwa wakipelekwa pabaya kwa neno hilo kwa madogo kuliko haya.

Baba alipiga magoti. Sikupenda kulisema hilo lakini ndilo lililokuwa. Alisema ammi, wallahi, mama yangu hajui, ni huruma tu, ammi. Abu Talali alikuwa amekwishasimama, anasoma Kul audhu, anatafuta viatu vyake bila ya kuinama. Hakuichukua picha. Mlangoni aligeuka, na nilivyoona mie hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na khofu, naye amekunywa kahawa yetu. "Sitokwenda kusema kwa mtu," akamwambia Baba. "Kwa ajili ya miaka yako. Lakini mimi na wewe, halas, yamekwisha."

Na alitimiza yote mawili. Hakusema, na ikama zetu hakuzisaini. Mgeni ni kuku mweupe, wazee walisema. Ukitolewa bandani kila mtu anakuona. Baba akatafuta kafili Jidda nzima mpaka Mahjar, hakupata, watu wakauliza kwa nini ammi wako amekuacha, na jibu halisemeki. Mwisho akapata mtu Riyadh wa kumwandikisha. Akaondoka na begi moja, karatasi zake zikawa njiani, si za kwisha si za kuanza. Akaambiwa akae palepale asitembee. Akishikwa barabarani bila ikama, ndiyo kwaheri. Tukabaki wanawake watatu, mlango tumeufunga, tukizungumza kwa sauti ndogo. Bibi hakumlaumu mtu wala hakujutia. Aliniuliza siku moja tu, "Kwani nilisema uongo?" Nikamwambia hapana, Bibi. Nilitamani angelisema.

Alikufa baridi ya mwaka huo, asubuhi, na tasbihi mkononi. Waosha wakaja. Mimi niliwekwa mlangoni na simu ya Mama sikioni, maana upande wa pili alikuwa Baba, Riyadh, hawezi kuja. Gari lipo, barabara ipo, na hawezi kuja kumzika mama yake.

"Nambie unachokiona," akasema.

Nikamwambia. Wamemaliza kumwosha, Baba. Wanatandika nguo. Wanamweka. Mwosha mkuu akapekua sandukuni akauliza tepe za kufungia ziko wapi, bi mkubwa kama huyu anazikosaje. Mama akavua mtandio wake mweupe wa kusalia, akauchana kwa meno.

"Wamemfunika?"

"Wanamfunika, Baba. Miguu bado."

"Ifunike weye," Baba akasema. "Waombe wakupishe. Vuta nguo kwa mkono wako, useme ni wangu."

Wakanipisha. Miguu ya Bibi ilikuwa midogo, na visigino vimepasuka kama siku zote. Nikavuta nguo, ikafika. Nikamwambia, imefika Baba, unyayo hauonekani. Akalia. Sikupata kumsikia Baba analia, nikadhani simu imeharibika. Halafu akasema, "Mama yangu yeye hakupata." Nikamuuliza hakupata nini, simu ikakatika.

Mama ndiye aliyenieleza, nami nimekwisha kuwa mtu mzima na mwana mgongoni. Asubuhi ile ya mapinduzi, Unguja, Babu, mume wa Bibi, alitoka kumtafutia Baba maziwa. Hakufika mbali; alianguka ng'ambo ya njia, usoni pa dirisha. Bibi alimwona. Alishika kanga atoke akamfunike, majirani wakamzuia, bunduki bado zinalia na ana mtoto kifuani. Akasimama nyuma ya dirisha na kanga mkononi. Jua likapanda, likamuunguza yule mtu wake, likashuka, naye kasimama. Lori likaja likawakusanya maiti wote. Walipelekwa wapi, mpaka leo hatujui.

Nilimdhania Bibi hajui kwamba karatasi ni karatasi. Alijua sana. Alijua kuliko Baba na Abu Talali, na mie na mistari yangu ya shingoni. Ila mara ile ya picha hakukuwa na mtu wa kumzuia, na nguo alikuwa nayo.

Basi juzi, gundi ilipopoa, nilimpa mwanangu bakuli lake nikaingia chumbani kwa Baba. Amelala ameelekea ukutani, shuka kalisukumia chini kwa joto, miguu nje. Na yake siku hizi imekuwa midogo. Nikalivuta shuka nikamfunika.

"Joto," akasema, bila ya kugeuka.

"Najua, Baba," nikamwambia, na shuka sikuliondoa.